Namba Tisa

Jumatatu, 28 Novemba 1994

Leo nimeanza kazi maabara, kwenye hospitali ya misheni hapa mjini. Daftari hili ni la ushirika. Nilipewa siku tuliyopunguzwa kazi, pamoja na barua na soda moja ya kuagana. Kwa miaka sita nimeandika magunia ya mahindi na marobota ya tumbaku, na sasa nitaandika damu.

Sista Kunegunda, anayesimamia hospitali, alinieleza kazi kwa maneno machache. Wafadhili wa ng'ambo wamepunguza msaada, kwa hiyo wagonjwa watachangia gharama. Kampuni mpya ya tumbaku ya Namtumbo imekubali kuwalipia wafanyakazi wake, lakini inataka fomu zenye namba.

"Kila kinachofanyika kwenye damu kipewe namba na bei," alisema. "Tangu sindano inapoingia mkononi hadi jibu linapotoka. Usiruke hatua, Esteria. Tusichokiandika hatulipwi."

Mtaalamu wa maabara ni Mzee Polikarp. Nilimwamkia shikamoo akaitikia bila kuinua jicho kutoka kwenye darubini.

"Wewe ndiye umekuja kuipangia damu bei," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Haya. Kaa pale. Usiguse kitu cha kioo."

Jumanne, 29 Novemba

Joto, vumbi, na mvua bado. Mzee Polikarp hakunisemesha, na mimi sikugusa kitu cha kioo.

Alhamisi, 1 Desemba

Leo nilimwomba anionyeshe kazi hatua kwa hatua, niweze kuipa namba. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye mwanga wake.

Nimejifunza mambo. Damu ya malaria ni tone moja kwenye kioo, linapakwa, linakauka, linatiwa rangi, basi. Lakini vipimo vingine havitaki damu nzima. Damu inawekwa kwenye kichupa kitupu, inasimamishwa nusu saa hadi igande, halafu inaingizwa kwenye mashine ya kuzungushia. Yetu ina mkono wa kuzungusha kama cherehani, maana umeme wa hapa si wa kutegemea. Ukishazungusha vya kutosha, damu nyekundu inakaa chini na juu yake yanabaki majimaji ya rangi ya chai isiyo na maziwa. Hayo ndiyo seramu, na ndiyo yanayopimwa.

Niliandika: kuchoma sindano, namba moja. Kugandisha, namba mbili.

"Kugandisha?" Mzee aliuliza. "Damu inaganda yenyewe. Mimi nangoja tu. Utawalipisha watu kwa kungoja?"

"Sista amesema nisiruke hatua."

Akarudi kwenye darubini yake. "Basi andika. Ila bei ya kungoja uipange wewe. Mimi siwezi."

Niliipa shilingi kumi. Niliona aibu, lakini niliandika.

Jumamosi, 3 Desemba

Naishi Bombambili kwa kaka yangu Amedeus na mke wake Benigna. Kaka alikuwa dereva wa lori la ushirika, Songea hadi Dar, hadi malori yalipouzwa. Sasa analima mahindi Maposeni na kurudi nyumbani siku za mwisho wa wiki. Wifi yangu ana mimba ya miezi mitano.

Hii ni mimba yake ya tatu, na nyumba hii haina mtoto. Wa kwanza alizaliwa amekwisha kufa, mwaka tisini na moja, na wa pili vilevile. Waliwazika Maposeni nyuma ya nyumba ya mama. Watu wamesema mengi na Benigna ameyasikia yote. Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, niliwahi kufikiri kwamba ni mzembe, anabeba maji sana.

Leo alikuwa akichambua maharage. Nikamwuliza kama kule kliniki wamempima damu.

"Walinipa cheti," alisema. "Nikakiweka kwenye moto."

"Kwa nini, wifi?"

"Kilikuwa kimeandikwa neno zima. Kaswende. Sikuambiwa ninayo, naambiwa nikapimwe tu, kila mjamzito anatakiwa. Lakini cheti kinapita dirishani kwa Romwaldi. Umewahi kumsikia Romwaldi?"

Nimemsikia. Romwaldi ndiye anayepokea pesa dirishani, na anasoma cheti cha kila mtu kwa sauti inayofika barabarani.

Jumatatu, 5 Desemba

Mvua ya kwanza. Kumbikumbi walitoka ardhini kama moshi na benchi lote la wagonjwa liliinuka kuwafukuza, hata mama mmoja mwenye homa. Mzee Polikarp alifungua dirisha akanyoosha sufuria ndogo ya kuchemshia sindano. Nikamwuliza kama sufuria hiyo itarudi kuchemsha sindano. Akasema hapana, ameistaafisha. Tulikula kumbikumbi wa kukaanga saa nne asubuhi, na nilicheka na mtu ambaye wiki nzima nilimwogopa.

Jumatatu, 12 Desemba

Namba zimeanza rasmi. Ziko kumi na mbili. Kaswende ni namba tisa.

Hili nililipanga mwenyewe na nina fahari nalo. Kwenye cheti hakuna tena jina la ugonjwa, ni namba tu. Romwaldi ataita "tisa" na hakuna atakayejua ni nini. Nilimwambia Benigna jioni tukiwa jikoni. Alinisikiliza, akaonja chumvi ya mboga, akasema, "Ngoja nione."

Jumatano, 14 Desemba

Wanawake wanne wamekuja na tisa. Mwezi mzima uliopita walikuja wawili.

Jumatatu, 19 Desemba

Wagonjwa wa malaria wamejaa tangu mvua ianze. Vioo themanini na mbili leo. Mzee anatazama kioo, mimi naandika, anatazama, naandika. Mchana aliniita.

"Njoo uone."

Niliinamia darubini. Kwanza niliona kope zangu tu, halafu duara la mwanga, na ndani yake vitu kama pete ndogo zenye kito.

"Hao ndio wenyewe," alisema. "Unawaandika kila siku, si vibaya mkafahamiana."

Jumapili, 25 Desemba

Noeli. Tulikula kuku na wali. Kaka alileta uyoga kutoka Maposeni, ndoo nzima. Romwaldi aliimba sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisani na nguzo zilitetemeka. Sikujua kwamba sauti ile mbaya ya dirishani inaweza kuwa nzuri hivyo.

Jumatano, 4 Januari 1995

Mvua. Njia ya Namtumbo imekatika, magari hayapiti.

Jumatano, 11 Januari

Leo Benigna alirudi sokoni bila nyanya. Alikaa kwenye kigoda na mwavuli wake ukichuruzika sakafuni.

"Wifi," alisema, "namba yako imekwisha."

"Imekwishaje?"

"Wamama wa nyanya wanataniana kwa namba yako. Mmoja alikuwa hana chenji, mwenzake akamwambia, nenda zako, we tisa. Wote wakacheka, hata mzee mmoja wa Kinyasa anayeuza dagaa akacheka. Nikauliza tisa ni nini. Wakaniambia nenda ukasome ukutani hospitali."

Nilijua mara moja. Sista aliagiza bei zibandikwe dirishani ili wagonjwa wasidanganywe, na ni jambo la haki. Orodha niliiandika mimi mwenyewe kwa kalamu nene: namba, jina la kipimo, bei. Nilificha neno kwenye cheti nikalibandika ukutani. Mtu aliyesoma hadi kidato cha nne.

"Nilikuwa nimeamua kwenda kesho," Benigna alisema. Alisema taratibu, bila lawama, na hilo ndilo lililoniuma. Mtoto alicheza tumboni mwake, niliona kitenge kikisogea. Aliweka mkono hapo. "Hawa wawili waliotangulia nao walikuwa wanacheza hivi."

Alhamisi, 12 Januari

Hakuna aliyeleta tisa leo, wala jana.

Jumatatu, 16 Januari

Bahasha kutoka kampuni ya tumbaku. Wamerudisha fomu arobaini na moja bila kulipa. Mhasibu wao ameandika kwa wino mwekundu juu ya fomu ya kwanza: "Mfanyakazi huyu alichomwa sindano moja. Mnatudai kuchomwa mara tatu na kugandisha mara tatu. Je, ana mikono mingapi?"

Nilizipitia zote nikiwa nimesimama. Ana haki. Kila kipimo nilikiandika na hatua zake zote, kama nilivyoagizwa. Mtu akiwa na vipimo vitatu, nilimwandikia sindano tatu, ingawa damu ilitoka mara moja kwenye kichupa kimoja na kuzungushwa mara moja. Sikuiba. Lakini kwenye karatasi inaonekana nimeiba.

Na kama kampuni imedaiwa hivyo, basi wagonjwa wa kawaida nao wamelipa hivyo. Wakulima wa kutoka Maposeni, waliouza kuku ili waje kupimwa.

Sikula leo. Sista amesafiri, atarudi keshokutwa.

Jumatano, 18 Januari

Nimekwenda kwa Sista kabla hajaniita. Nilibeba fomu zote, daftari la mapato na orodha ya watu hamsini na watatu waliolipa zaidi, kiasi kwa kila mmoja. Niliikeshea juzi na jana. Nilimwambia, "Sista, kosa ni langu. Nilidhani kila kipimo kinaanza upya. Damu haianzi upya."

Alivaa miwani. Alisoma orodha yote, jina kwa jina. Mvua ilikuwa ikipiga bati na sikujua kama nimefukuzwa ama bado.

"Hawa hamsini na watatu," alisema mwishowe, "tutawarudishia. Utawatafuta wewe."

"Ndiyo, Sista."

"Na hizo namba zako utazipanga upya kabla ya Jumatatu. Kaa na Polikarp. Yeye anajua kazi, wewe unajua karatasi, lakini mimi niliwaweka chumba kimoja bila kuwaambia mzungumze. Hilo ni langu."

Kumbe mtu anaweza kuwa mkali namna ile na bado akajitwika sehemu ya kosa. Nilitoka nikiwa na kazi yangu bado. Niliwaza jambo moja tu, namna ya kumpata mzee Fransisko wa Maposeni aliyelipa shilingi mia mbili na arobaini za ziada.

Alhamisi, 19 Januari

Nataka kuiandika siku hii vizuri.

Tulifunga dirisha saa tisa alasiri, umeme ukiwa umekatika, tukakaa mimi na Mzee Polikarp kwenye meza ya vioo. Nilimsomea wino mwekundu wa mhasibu. Alicheka hadi akavua miwani.

"Ana mikono mingapi," alirudia. "Huyo mtu ningempenda."

Halafu akachukua kichupa kitupu na kukisimamisha mbele yangu. "Sikiliza. Wewe unahesabu vipimo. Hesabu kichupa. Mtu amekuja, nimemchoma, nimejaza kichupa kimoja. Kimeganda, nimekizungusha, nimepata seramu. Seramu ya kichupa kimoja inatosha kupima vitu vitatu au vinne. Kazi kubwa ni kuiandaa. Ikishaandaliwa, kipimo chenyewe ni tone kwenye kadi na dakika nane."

"Kwa hiyo maandalizi yawe namba moja, mara moja kwa mtu."

"Mara moja kwa mtu. Na hiyo ya kungoja uifute."

Niliifuta kwa furaha. Tuliendelea. Tulipofika namba tisa nilimweleza habari za soko, bila kumtaja Benigna. Nilisema tu mjamzito mmoja.

Mzee aliinuka akafungua mashine ya kuzungushia. Ina matundu sita.

"Asubuhi nilizungusha vichupa viwili," alisema. "Matundu manne yalizunguka na hewa. Mkono wangu ulichoka vilevile." Akanitazama. "Wajawazito wanaofika siku ya kliniki ni wangapi?"

"Kumi na wawili. Kumi na watano."

"Na kila mmoja anatakiwa kupimwa wingi wa damu, kundi la damu na kaswende. Kwa nini tuwape vyeti vitatu?"

Nikaelewa. Nilielewa kabla hajamaliza, nikaanza kuandika. Namba moja ya pamoja kwa wajawazito wote. Sindano moja mkononi. Tone la kwanza la wingi wa damu na kundi, na damu iliyobaki kwenye kichupa kimoja cha kugandisha. Vipimo vitatu, bei moja ndogo. Kila mjamzito anayo namba hiyo hiyo, awe mke wa mwalimu au muuza nyanya. Ukiisikia inaitwa dirishani haikuambii kitu chochote juu yake, ila kwamba ana mimba, na hilo kila mtu analiona.

"Ishirini," nilisema. "Iwe namba ishirini, iwe mbali na tisa."

"Ishirini," Mzee alisema. "Na majibu nitayaandika mimi, nitayapeleka mwenyewe kwa muuguzi wa kliniki, kwenye bahasha."

Nimefanya kazi na watu wengi kwenye ushirika. Sikumbuki siku tuliyokaa wawili na kutengeneza kitu.

Jumamosi, 21 Januari

Nilikwenda Maposeni kwa miguu na baiskeli ya kuazima, zaidi miguu, kwa sababu ya tope. Nimewarudishia watu saba. Mzee Fransisko alizihesabu, akanipa mahindi mabichi kumi na kusema hajawahi kuona hospitali inayomfuata mtu nyumbani kumlipa.

Jumatatu, 23 Januari

Namba ishirini imeanza. Pia nimegundua jambo. Nilikuwa nimesimama upande wa kushoto wa Romwaldi nikimweleza utaratibu mpya, hakujibu. Nikarudia, hakujibu. Nikahamia kulia akageuka na kusema, "Umefika saa ngapi?"

Sikio lake la kushoto halisikii. Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo. Dirisha liko kushoto kwake, ndiyo maana anapiga kelele, anadhani hata wao hawamsikii. Miezi miwili nimemchukia mtu kwa ajili ya mahali kiti kilipowekwa. Tulihamisha meza ikatazama upande wa pili. Saa moja baadaye mama mmoja alisema, "Leo huyu kaka anaumwa?"

Jumatano, 25 Januari

Benigna amekuja. Sikujua. Niliinua macho nikaona kitenge chake cha kijani kwenye benchi, kati ya wanawake kumi na watatu, wote wenye cheti cha ishirini. Walikuwa wakizungumza habari za bei ya mbolea.

Mzee alizungusha mashine yenye matundu sita yote yamejaa. Aliona ninakotazama, akaniambia nitoke nje nikanunue mkaa wa maabara. Hatutumii mkaa. Nilitoka.

Alhamisi, 26 Januari

Jioni Benigna alifunga mlango wa jikoni.

"Ninayo," alisema.

Alikuwa na macho makavu.

"Yule mzee wako alikuja kliniki na muuguzi. Nilimwuliza, mzee, nani alianza, mimi au mume wangu? Akaniambia, mama, mimi nasoma kadi, sisomi ndoa. Ninachojua ni kwamba sindano ipo, mtoto ana miezi miwili na zaidi ya kukaa humo, na ukianza ndani ya wiki moja hatujachelewa." Akakaa. "Hatujachelewa, wifi. Miaka minne nimefikiri ni mimi. Nimefikiri kuna kitu nilichokula, kitu nilichobeba, mtu niliyemkosea. Kumbe ni ugonjwa, na una sindano."

Ndipo akalia, na nikalia naye. Nikamwambia niliwahi kufikiri anabeba maji sana. Akasema anajua, uso wangu hauwezi kuficha kitu. Tukacheka huku tunalia, ugali ukaungua chini.

Jumamosi, 28 Januari

Kaka amerudi kutoka shambani. Benigna amemwambia kwamba naye anatakiwa kuchomwa, la sivyo ugonjwa utarudi. Hakuna aliyepaza sauti. Ingekuwa afadhali wangepaza.

Jumapili, 29 Januari

Amedeus ameondoka alfajiri. Ameacha neno kwa jirani kwamba anakwenda Tunduru, kwenye machimbo ya vito, kama vijana wote siku hizi. Benigna alikwenda misa peke yake, nikakaa kando yake. Nimemkasirikia kaka yangu kiasi ambacho sikujua naweza.

Jumatano, 1 Februari

Sindano ya kwanza ya Benigna. Alichechemea hadi nyumbani akilalamika njia nzima. Nilifurahi kila alipolalamika.

Jumamosi, 4 Februari

Mvua kubwa, mawe yalianguka.

Jumanne, 7 Februari

Saa tano asubuhi, benchi limejaa, nikasikia sauti ninayoijua dirishani. Nilichungulia. Kaka yangu Amedeus, tope hadi magotini, na ndevu za siku kumi.

Romwaldi alimwuliza, "Namba ya kipimo?"

"Tisa."

Benchi likanyamaza. Watu wazima thelathini. Romwaldi alisogeza sikio. "Nane?"

"Tisa, kaka," Amedeus alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na injini inayonguruma. "Tisa."

Romwaldi alimtazama. Halafu akapokea pesa, akapiga mhuri, akamwambia kwa upole, "Karibu, kaa hapo." Kijana mmoja alianza kucheka. Bibi aliyekaa kando yake akamwuliza anacheka nini, na kama yeye ameshapima. Kijana akaacha.

Baadaye kaka alinieleza nyuma ya maabara. Lori alilopanda lilikwama baada ya Namtumbo, siku tatu. Walikuwa abiria ishirini na walilisukuma, likazama zaidi. Siku ya tatu aliamua kurudi kwa miguu.

"Nilikuwa nasukuma lile lori," alisema, "nikawa nawaza wale wawili. Makaburi nilichimba mimi mwenyewe, Esteria, yote mawili. Safari za Dar nilizifanya mimi. Benigna hajawahi kuvuka Njombe." Alifuta uso kwa mkono wenye tope. "Sasa nikimbie niende wapi?"

Nilitaka kumwambia mambo mengi niliyoyaandaa tangu Jumapili ile. Nikamwambia jibu litatoka baada ya saa moja, na kwamba damu lazima igande kwanza.

Jumatano, 8 Februari

Sindano ya pili ya Benigna, ya kwanza ya Amedeus. Waliondoka pamoja wakichechemea, kila mmoja upande wake. Bado hawazungumzi sana. Lakini mwavuli ulikuwa mmoja.

Jumanne, 21 Februari

Kampuni ya Namtumbo imelipa fomu zote zilizoandikwa upya. Yule mhasibu ameandika, wino wa bluu safari hii: "Sasa ana mikono miwili. Asante." Mzee ameibandika karatasi hiyo juu ya darubini.

Jumatano, 1 Machi

Leo Jumatano ya Majivu. Wajawazito mia na kumi na sita wamepimwa Februari. Tisa wamekutwa na ugonjwa, wote wanatibiwa. Sokoni utani umehama, sasa wanataniana juu ya bei ya sabuni.

Jumatatu, 13 Machi

Benigna anakula udongo wa kichuguu na kunituma niutafute. Nimeutafuta.

Jumamosi, 25 Machi

Mahindi ya kwanza ya kuchoma. Kaka alitengeneza kitanda kidogo cha mbao ya mninga. Benigna alimwambia akifiche chumba cha nje, asikione, bado. Akakificha. Nilimwona mara mbili akienda kukitazama.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Mvua nyembamba. Hakuna kazi. Tumbo la wifi limeshuka.

Jumanne, 18 Aprili

Uchungu ulimshika jana, Jumatatu ya Pasaka, wakati tunaosha vyombo vya sikukuu. Tulifika wodini leo saa mbili asubuhi. Amedeus alikaa nje kwenye jiwe, hakutaka benchi. Kwenye jiwe kama hilo alikaa mara mbili nyuma, na mara zote mbili ni muuguzi aliyetoka kwanza, kimya.

Safari hii hakuna aliyetoka kwanza. Ilitoka sauti. Kaka alisimama, akakaa, akasimama tena, akaniuliza, "Ni huyo?" Wodini walikuwamo wanawake wengine watatu. Nilimwambia sijui, naye alisema anajua.

Ni msichana. Kilo mbili na nane. Daktari alimpima kichwa hadi miguu akasema hana tatizo analoliona, ila achukuliwe damu kidogo kwa hakika.

Nilikwenda kumwambia Mzee Polikarp. Nilidhani atamtuma muuguzi aichukue kama kawaida. Alinawa mikono, akavaa koti jeupe safi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akavuka uwanja kwenda wodini.

Alisimama mwisho wa kitanda kama mtu aliyepotea njia. Benigna alimwamkia, kisha akamnyooshea mtoto.

"Mbebe, mzee."

"Mimi mikono yangu ni ya vioo," alisema.

"Huyu si wa kuvunjika."

Akampokea. Alimtazama muda mrefu, karibu sana, kama anavyotazama vitu vyote. Miaka ishirini na sita ameandaa damu za watu wa mji huu, na nadhani ni wachache sana aliowaona baadaye. Mtoto alipiga chafya. Mzee alisema "afya" kwa sauti ndogo, na akasahau kilichomleta hadi nilipomgusa bega.

Saa tano kasoro tulikuwa tumerudi maabara na matone machache kwenye kichupa. Tuliyangoja yagande. Alizungusha mashine mwenyewe. Kadi ilichezeshwa dakika nane, nikaona vipunje vyeusi vimetawanyika laini, havikushikana. Vikishikana ndiyo ugonjwa upo. Mzee aliandika jibu, akanisogezea kitabu cha usajili ili nijaze sehemu yangu.

Jina: bado. Jinsia: ke. Makazi: Bombambili. Kwenye nafasi ya umri, ambapo kila siku naandika miaka, nilitazama saa ya ukutani, nikahesabu kwa vidole nisije nikakosea, nikaandika: saa moja na nusu.